Mofini ya mwilini (Sehemu ya Pili)

Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia mmisionari David Livingstone, akamdaka begani na kumtikisa huku na huku. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ulivunjikavunjika. Livingstone aliandika baadaye kuhusu mkasa huo, na kilichowashangaza wasomaji wake si ukali wa mnyama yule. Alisema kwamba wakati meno ya simba yamo mwilini mwake hakusikia maumivu wala hofu. Akili ilikuwa timamu, alikuwa akiona kila kinachotendeka, lakini mwili ulikuwa kama umekufa ganzi. Karibu miaka 30 baadaye Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, ukasafirishwa kwa meli hadi Uingereza, na daktari wa London akautambua kwa alama ileile: mfupa wa mkono uliovunjwa na simba ambao haukuwahi kuunga sawasawa.

Livingstone alidhani ganzi ile ni rehema ya Mungu kwa kila kiumbe anayekamatwa na mnyama mkali. Kwa mwanasayansi wa leo swali linalofuata ni rehema hiyo hupitia wapi mwilini.

Jambo lenyewe si geni. Dereva wa bodaboda aliyeangushwa na gari huinuka, akajikung'uta vumbi, akatafuta simu yake na kuanza kubishana na dereva mwenzake. Nusu saa baadaye ndipo mguu unapoanza kuuma kwelikweli na watu wanagundua kwamba umevunjika. Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1944, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahudumia askari waliojeruhiwa vibaya kwenye ufukwe wa Anzio, Italia. Aliwauliza kama walihitaji dawa ya maumivu. Wengi wao walisema hawahitaji. Hawakuwa wamezimia wala kurukwa na akili, kwani walilalamika kama kawaida muuguzi alipokosea kuwachoma sindano.

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliifuata mofini tangu kwenye utomvu wa mpopi hadi kwenye wodi za hospitali, pamoja na mabaya inayokuja nayo: choo kigumu, pumzi inayofifia, mwili unaozoea dozi na kudai zaidi, na hatimaye uraibu. Sehemu hii inahusu jambo la kutia moyo zaidi. Mwili una mofini yake, unaitoa wenyewe inapohitajika, na kwa zaidi ya miaka 40 kuna wanasayansi wanaoamini kwamba dawa bora ya maumivu ni ile itakayoiacha mofini hiyo ifanye kazi kwa muda mrefu zaidi kidogo.

Fununu ya kwanza ilipatikana mwaka 1973. Maabara tatu, bila kutegemeana, zilionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi vya mofini, yaani protini zilizochomoza kwenye utando wa seli ambazo mofini hunasa na kuibadilisha kazi ya seli hiyo. Candace Pert na Solomon Snyder walifanya hivyo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Eric Simon mjini New York, na Lars Terenius mjini Uppsala, Uswidi. Ugunduzi huo ulizaa swali ambalo halikuweza kukwepwa. Ubongo wa mwanadamu, wa ng'ombe, hata wa samaki, una vipokezi vya utomvu wa ua fulani. Samaki amewahi kukutana wapi na mpopi? Bila shaka vipokezi hivyo viliwekwa kwa ajili ya kitu kingine, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza.

Waliokipata kwanza walikuwa Aberdeen, mji wa bandari wenye baridi kali kaskazini mwa Scotland. Hans Kosterlitz, Myahudi aliyezaliwa Berlin na kuikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1934, alikuwa amekwishatimiza miaka 70, umri ambao wengine hukaa kibarazani. Msaidizi wake, John Hughes, alikuwa kijana. Alfajiri Hughes alikwenda machinjioni kukusanya bongo za nguruwe, akazihifadhi kwenye barafu na kuzirudisha maabara ili azisage na kuchuja kilichomo.

Chombo chao cha kupimia kilikuwa rahisi mno kwa kazi kubwa kama ile. Kipande cha utumbo wa simbilisi hutundikwa ndani ya gilasi yenye maji ya chumvi yaliyopashwa hadi joto la mwili, kisha huunganishwa kwa uzi na kalamu inayochora kwenye karatasi inayozunguka. Umeme kidogo ukipitishwa, utumbo hujikunja na kalamu hupanda; ukikatwa, kalamu hushuka. Karatasi hujaa vilima vidogo vilivyopangana. Dondosha mofini ndani ya maji, na vilima hupungua hadi mstari unalala. Ongeza naloksoni, dawa inayoitoa mofini kwenye vipokezi vyake, na vilima hurudi. Hughes alidondosha maji aliyoyachuja kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Mstari ukalala. Akaongeza naloksoni. Vilima vikarudi. Ndani ya ubongo wa nguruwe ambaye hajawahi kuonja kasumba kulikuwa na kitu kinachofanya kazi ya kasumba.

Desemba 1975 walichapisha katika jarida la Nature muundo wa kitu hicho, ambacho kumbe kilikuwa vitu viwili, walivyoviita enkefalini. Ni peptidi fupi kabisa, kila moja ikiwa na amino asidi tano tu. Nne za mwanzo zinafanana: tirosini, glisini, glisini tena, fenilalanini. Ya tano ni methionini kwa moja na lusini kwa nyingine.

Hapo ndipo ngamia anapoingia katika kisa hiki. Choh Hao Li, mtaalamu wa homoni huko California, alikuwa ameletewa na mwanafunzi wake kutoka Iraki mamia ya tezi za pituitari za ngamia. Hakuwa akitafuta dawa ya maumivu. Alitaka kujua kama mwili mkavu wa ngamia una tofauti yoyote katika homoni inayohusika na mafuta. Homoni aliyoitafuta hakuipata, ila alipata kipande chake chenye amino asidi 31, akakiweka kando kwa kukosa matumizi. Habari za Aberdeen zilipomfikia alirudi kukikagua, na kumbe amino asidi tano za mwanzo zilikuwa enkefalini nzima. Mwaka 1976 kipande hicho kilitambuliwa kuwa mojawapo ya dawa za maumivu zenye nguvu kubwa ambazo mwili unazo. Leo kinaitwa beta-endofini. Mwaka 1979 Avram Goldstein aliongeza kundi la tatu, dinofini.

Kwa hiyo mwili una familia tatu za opioidi, yaani vitu vinavyofanya kazi kama mofini, na aina tatu kuu za vipokezi, vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki: miu, delta na kapa. Mofini hupendelea miu. Enkefalini hushika delta na miu.

Je, kuna uthibitisho kwamba vitu hivi hufanya kazi kwa watu wazima wenye akili zao, si kwenye vipande vya utumbo tu? Upo, na mzuri zaidi ulitoka kwenye kiti cha daktari wa meno. Mwaka 1978, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields wa San Francisco waliwachukua watu waliong'olewa magego na kuwapa dawa bandia, maji matupu yasiyo na chochote. Kama kawaida, baadhi yao walisema wamepata nafuu. Kisha walipewa naloksoni bila kujua. Waliokuwa wamepata nafuu walianza kuumia tena. Nafuu ile ambayo watu wangeiita ya kujidanganya ilikuwa na kemia yake. Imani ya mgonjwa ilikuwa imefungulia opioidi za mwili wake, na naloksoni ikazifukuza. Mwaka 2001 Jon-Kar Zubieta na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan waliona jambo hilohilo kwa picha za ubongo: watu wa kujitolea waliochomwa maji ya chumvi kali kwenye msuli wa taya walitoa opioidi zao katika sehemu mahususi za ubongo, na waliotoa nyingi zaidi walieleza kuumia kidogo zaidi.

Upo mfano mwingine unaotisha. Mwaka 2006 watafiti waliripoti habari za familia kutoka kaskazini mwa Pakistani zilizokuwa na watoto wasiosikia maumivu hata kidogo. Mmoja, mvulana wa Lahore, alikuwa akijipatia riziki mitaani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa mbele ya watazamaji. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Chanzo cha hali yao kilikuwa hitilafu katika jeni la mlango wa sodiamu uitwao Nav1.7, ulioko kwenye neva zinazopeleka habari za maumivu. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba neva zao zimenyamaza tu. Mwaka 2015 timu ya John Wood ya University College London ikaonyesha kuna zaidi ya hapo: panya wenye hitilafu hiyo walikuwa na enkefalini nyingi kuliko kawaida. Watafiti walimpa naloksoni mwanamke wa miaka 39 aliyezaliwa na hali hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasikia maumivu. Sehemu ya ganzi yake ya kuzaliwa ilikuwa kazi ya opioidi za mwili wake mwenyewe.

Basi kwa nini watu wengine wanaumia? Kama dawa imo ndani, kwa nini mgonjwa wa saratani analia usiku kucha?

Jibu mojawapo ni kwamba enkefalini haidumu. Mara tu baada ya Aberdeen, watafiti walijaribu kuichoma moja kwa moja kwenye ubongo wa panya, na nafuu ilionekana kwa muda mfupi mno, kisha ikatoweka. Mwili huitoa, huitumia, kisha huikata vipande karibu papo hapo. Wakataji ni vimeng'enya viwili vilivyokaa juu ya utando wa seli, kila kimoja kikiwa na chembe ya zinki katika kiini chake. Kimoja, neprilisini, huikata enkefalini kati ya amino asidi ya tatu na ya nne. Kingine, aminopeptidasi N, hunyofoa ile ya kwanza kabisa, tirosini, ambayo bila hiyo enkefalini haiwezi tena kukishika kipokezi.

Mjini Paris, mwanakemia Bernard Roques na mwanafamakolojia Jean-Charles Schwartz waliiona nafasi hapo. Mofini ni kumimina maji zaidi kwenye pipa linalovuja. Wao walitaka kuziba tundu. Mwaka 1980 kundi lao lilitangaza thiofani, molekuli ndogo iliyoundwa makusudi ili salfa yake ing'ang'anie zinki ya neprilisini na kukizuia kimeng'enya kisikate. Mantiki yenyewe haikuwa ngeni. Ndiyo iliyotumika kutengeneza kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu ambayo hadi leo wagonjwa wengi Afrika Mashariki wanaifahamu, nayo hukamata zinki ya kimeng'enya kingine.

Thiofani ilipunguza maumivu kwa panya, lakini si kwa nguvu iliyotarajiwa. Sababu ilikuja kueleweka: ukimfunga mikono mkataji mmoja, mwenzake anaendelea na kazi. Ilibidi itafutwe molekuli moja yenye uwezo wa kuwazuia wote wawili. Katika miaka ya 1980 ikaja kelatofani, kisha miaka ya 1990 RB101, iliyoweza kupenya hadi ubongoni. Kwa panya, RB101 ilituliza maumivu huku dalili za mwili kuizoea na kuitegemea zikiwa ndogo mno zikilinganishwa na za mofini.

Inafaa kueleza kwa utulivu kwa nini iwe hivyo, kwa sababu hapa ndipo ulipo uzito wa wazo zima. Mgonjwa akichomwa mofini, dawa huenda kila damu inapokwenda. Inafika kwenye uti wa mgongo inakotakiwa kuzima habari za maumivu. Inafika pia kwenye shina la ubongo linaloongoza pumzi, kwenye utumbo, na kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na raha na tamaa, na kote huko inakuta vipokezi vilevile na kuviwasha vyote kwa pamoja, kwa saa kadhaa mfululizo. Kizuia kimeng'enya hakiwashi chochote. Mahali ambapo neva hazijatoa enkefalini, hakina cha kulinda. Mahali ambapo zimetoa, kwa sababu mguu umevunjika au mshono wa upasuaji unauma, huiacha enkefalini iendelee kukaa hapohapo. Mwili ndio unaochagua mahali, wakati na kiasi. Udhaifu wa njia hii umo humohumo: dawa haiwezi kuzidi kile ambacho mwili umekwishatoa. Kuna dari ambayo haivukiki. Kwa mtu anayehofia pumzi ya mgonjwa kukatika usingizini, dari hiyo ni baraka. Kwa mwenye maumivu makali ya saratani ya mifupa, huenda isitoshe.

Watu wengi hawajui kwamba dawa moja ya ukoo huu imo madukani tangu miaka ya 1990. Inaitwa resekadotrili, na mwilini hubadilika kuwa thiofani. Ila haitumiki kwa maumivu. Inatibu kuharisha. Enkefalini za utumboni hupunguza maji yanayomwagika ndani ya utumbo, na resekadotrili huzilinda zisiharibiwe, bila kuufunga utumbo kama zifanyavyo opioidi za kawaida. Mamilioni ya watoto wa Ufaransa na kwingineko wamekunywa dawa inayoongeza nguvu ya opioidi za miili yao, na wazazi wao hawakulala na hofu ya uraibu.

Kwa maumivu, barabara imekuwa ndefu zaidi. Kampuni ya Pharmaleads, iliyoanzishwa Paris na Roques na wenzake, ilitengeneza vizuizi viwili vya pamoja, PL37 na PL265, vilivyofika kwenye majaribio ya awali ya binadamu. Mwaka 2006 Catherine Rougeot wa Taasisi ya Pasteur, hukohuko Paris, alitangaza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: mate ya binadamu yana kizuizi chake cha asili kinachowazuia wakataji wote wawili. Alikiita opiofini. Nacho kina amino asidi tano, na kwa panya miligramu moja kwa kila kilo ya uzito ilituliza maumivu sawa na miligramu tatu za mofini. Lakini opiofini nayo huharibika upesi. Umbo lake lililoimarishwa, STR-324, limefikia hatua ya kujaribiwa kwa watu wenye afya.

Wengine wameliendea jambo lenyewe kwa njia tofauti. Chuo Kikuu cha Michigan, kwa kazi ya John Traynor na wenzake, kimejikita kwenye kipokezi chenyewe badala ya kimeng'enya. Molekuli iitwayo BMS-986122, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2013, hukaa pembeni kwenye kipokezi cha miu, mbali na pale enkefalini inaposhika. Peke yake hufanya kidogo sana. Enkefalini ikija, kipokezi huitikia kwa nguvu zaidi. Mwaka 2021 timu hiyo iliripoti kwamba panya waliopewa molekuli hiyo walistahimili maumivu zaidi, na naloksoni iliuondoa ustahimilivu huo, ishara kwamba opioidi zao wenyewe ndizo zilizokuwa zikifanya kazi. Madhara kwenye utumbo, kwenye pumzi na ile hali ya mnyama kuitamani dawa yalikuwa hafifu kuliko ya mofini.

Huko Luxembourg, Andy Chevigné, Martyna Szpakowska na wenzao waligundua mwaka 2020 kwamba mwili una mfagiaji wa namna nyingine kabisa: kipokezi kiitwacho ACKR3, ambacho huzinasa opioidi za mwili na kuzificha bila kupeleka habari yoyote. Ukikishughulisha kipokezi hicho na kitu kingine, opioidi hubaki huru kwenda zinakohitajika. Mwaka uliofuata watafiti walionyesha kwamba konolidini, kemikali inayopatikana kwenye mmea wa maua meupe unaotumiwa katika tiba za jadi za Asia, hufanya kazi hiyohiyo. Na huko Michigan tena, daktari David Fink aliripoti mwaka 2011 juu ya wagonjwa 10 wa saratani waliochomwa kwenye ngozi kirusi cha herpesi kilichodhoofishwa na kubebeshwa jeni la kutengeneza enkefalini. Waliopata dozi ndogo hawakuona tofauti kubwa. Waliopata za kati na kubwa walieleza nafuu ya maana. Lakini ni watu 10, bila kundi la kulinganisha, na haitakuwa haki kuyapa matokeo hayo uzito kuliko yanavyostahili.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, hakuna hata moja kati ya dawa hizi iliyoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa wa maumivu. Wenye haraka watasema makampuni makubwa hayataki. Historia ya vimeng'enya inatoa sababu nzito zaidi.

Neprilisini haikati enkefalini tu. Hukata pia bradikinini, inayotanua mishipa ya damu na kuvimbisha tishu, homoni za moyo, na hata protini zinazorundikana ubongoni katika ugonjwa wa Alzheimer. Ukikizuia kimeng'enya hicho, unavigusa vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, dawa ya shinikizo la damu iitwayo omapatrilati, iliyozuia neprilisini pamoja na kimeng'enya kinacholengwa na kaptoprili, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 25,000. Ilishusha shinikizo vizuri. Lakini asilimia 2.17 ya walioitumia walivimba uso, midomo au koo, dhidi ya asilimia 0.68 ya waliotumia enalaprili, dawa ya kawaida ya shinikizo. Koo likivimba sana, mtu hukosa pumzi. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wagonjwa weusi. Dawa haikuruhusiwa kuuzwa. Somo hilo lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Afrika: dawa ya aina hii ikija kujaribiwa Ulaya peke yake, haitoshi kutuhakikishia usalama wetu. Ni haki kuongeza kwamba neprilisini yenyewe inaweza kuzuiwa kwa usalama ikifanywa kwa uangalifu. Sakubitrili, inayozuia kimeng'enya hicho, inawatibu wagonjwa wa moyo tangu mwaka 2015.

Jirani wa karibu wa wazo hili, yaani kulinda kanabinoidi za mwili (kemikali zinazofanya kazi kama za bangi) badala ya opioidi, ameonyesha mitego miwili. Kampuni ya Pfizer ilitengeneza kizuizi cha kimeng'enya FAAH kilichofanikiwa kabisa kupandisha kanabinoidi hizo mwilini mwa wagonjwa wenye maumivu ya goti. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Kupanda kwa kipimo kwenye damu na kupungua kwa maumivu ni mambo mawili tofauti. Kisha Januari 2016, mjini Rennes, Ufaransa, kizuizi kingine cha kimeng'enya hicho kilijaribiwa kwa watu wenye afya; sita walilazwa hospitalini, na mmoja wao akafariki. Wachunguzi walielekeza kidole kwenye molekuli yenyewe, iliyoonekana kugusa vitu vingine mwilini katika dozi kubwa.

Kuna pia swali ambalo panya hawawezi kulijibu. Maumivu ya panya wa maabara huanzishwa leo na kupimwa leo. Mwanamke mwenye baridi yabisi ameumwa miaka 12. Je, neva zake bado zinatoa enkefalini ya kutosha ya kulindwa?

Kwa Afrika Mashariki jambo hili halipaswi kusomwa kama habari za mbali. Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Zanzibar na Dar es Salaam, inajua heroini inavyowateketeza vijana. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011 kwa sababu hiyo. Wakati huohuo wagonjwa wetu wanakufa na maumivu ambayo mofini ya bei ndogo ingeyatuliza. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi, zikipimwa kwa kiwango cha mofini, zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Marekani, kwa upande mwingine, mwaka 2021 ilipoteza watu takriban 80,000 kwa opioidi zilizozidi kiasi. Hofu ya yaliyotokea kule imezifunga kabati za dawa huku.

Uganda ilikataa kungoja. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya unga ikaanza kuchanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu zake tofauti zisichanganywe, kisha kupelekwa hadi kitandani kwa mgonjwa kijijini. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Yeyote anayeandika juu ya dawa za kesho hana budi kuitaja kazi hiyo, kwa sababu mgonjwa wa leo haponi maumivu kwa ahadi ya maabara. Dawa inayolinda enkefalini ikifika, itakuwa na thamani kubwa zaidi mahali kama hapa, ambako muuguzi mmoja yuko na wagonjwa wengi, mashine ya kufuatilia pumzi hakuna, na polisi wanahesabu kila chupa ya mofini. Haitakuwa sababu ya kumnyima mtu mofini kabla haijafika.

Kwa sasa kazi imerudi kwa wanakemia: molekuli inayomeng'enywa polepole, inayofika kwenye neva za maumivu bila kuvimbisha koo, na iliyojaribiwa kwa watu wa asili mbalimbali kwa miezi mingi. Huku wao wakihangaika na vimeng'enya, wengine wameiendea ile milango ya sodiamu iliyoharibika kwa wale watoto wa Pakistani. Januari 30, 2025, Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa inayofunga mlango wa jirani, Nav1.8, bila kugusa kipokezi chochote cha opioidi. Sehemu ya tatu itaeleza dawa hiyo inavyofanya kazi na ni nani aliyejaribiwa nayo.